Kupanda Ngome ya St. Hilarion, Kupro: Mwongozo Kamili Kuanzia Mpakani Hadi Kileleni

Ukitoka Lefkoşa (Nicosia) kwenda Girne (Kyrenia), barabara ikianza kupanda milima ya Beşparmak, tazama kushoto. Juu kabisa, mahali ambapo ungetegemea mwamba mtupu, kuna kuta na minara ya rangi ileile ya jabali, hata huwezi kusema jiwe la Mungu linaishia wapi na la fundi linaanzia wapi. Hiyo ndiyo St. Hilarion, ngome ya Zama za Kati iliyokalia vilele viwili pacha, mita 732 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa kisiwa cha Kupro, au Saiprasi kama wengi tunavyosema.

Wageni wengi huipanda mbio. Wanafika kileleni wanahema, wanapiga picha dirishani, wanashuka. Mandhari wameyafaidi, lakini ngome yenyewe imewapita. Njia ile iliwekwa makusudi imchoshe anayepanda, na ushauri wangu mkubwa ni huu: panda kama adui. Ukifika langoni, jiulize ungepita vipi huku mawe yakikushukia kichwani. Ukiona shimo kubwa lililojengewa kuta, jiulize maji yalitoka wapi. Maswali hayo mawili yanafungua karibu kila kitu utakachokiona.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa aina mbili. Kuna vijana wetu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wanaosoma katika vyuo vikuu vya Lefkoşa, Girne na Mağusa (Famagusta), ambao ngome hii wanaiona kila wiki dirishani mwa basi na hawajawahi kuifikia. Na kuna ndugu wanaoishi Ulaya wanaokuja mapumziko kusini mwa kisiwa wakishukia Larnaca au Paphos. Njia zao za kufika zinatofautiana sana, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

Kabla hujawaza viatu, waza pasipoti. Kisiwa kimegawanyika tangu 1974, majeshi ya Uturuki yalipoingia baada ya mapinduzi yaliyoungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki. Kusini ipo Jamhuri ya Kupro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Kaskazini upo utawala wa Wakupro Waturuki uliojitangaza kuwa nchi mwaka 1983, na ambao Uturuki peke yake ndiyo inayoutambua. Katikati unapita ukanda unaolindwa na Umoja wa Mataifa. St. Hilarion iko kaskazini.

Njia ya kwanza ni uwanja wa ndege wa Ercan, ulio upande huohuo wa kaskazini. Ndege za abiria zinazotua pale hupitia Uturuki. Ndiyo njia ya wanafunzi wengi, na ukishatua huna mpaka mwingine wa kuvuka hadi ngomeni.

Njia ya pili ni kushukia Larnaca au Paphos, kisha kuvuka mstari ndani ya jiji la Nicosia, ambalo Waturuki huliita Lefkoşa. Kwa miguu, kivuko rahisi ni cha mtaa wa Ledra, kilichofunguliwa 2008; upande wa pili kinajulikana kwa jina la Lokmacı. Unaonyesha pasipoti mara mbili, kwanza kwa polisi wa kusini, halafu baada ya hatua chache kwa maofisa wa kaskazini. Kwa gari, kivuko kinachotumiwa zaidi ni Agios Dometios, au Metehan kwa Kituruki.

Hapa kuna jambo linalowaponza watu wetu. Jamhuri ya Kupro haiutambui Ercan kuwa mlango halali wa kuingia nchini. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aliyeingilia huko asitarajie kuvuka kwenda kutembea Limassol, hata kama kibali chake cha mwanafunzi cha kaskazini ni kizima kabisa. Kibali hicho kinaishia kwenye mstari. Naye anayetokea kusini ahakikishe viza yake ya Jamhuri itakuwa hai mpaka siku ya kurudi, na asome masharti ya kaskazini yanayohusu uraia wake kabla hajafika kivukoni. Masharti hayo hubadilika, na ya jirani yako wa Ujerumani si lazima yawe yako.

Hatua ya 2: Chagua siku

Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kupanda bila kujitesa. Julai na Agosti jua la huko halina masihara, na sehemu kubwa ya njia haina kivuli. Ukilazimika kwenda wakati huo, uwe langoni asubuhi lango likifunguliwa. Majira ya baridi yana faida yake: baada ya mvua hewa husafika, na siku ikikubali unaona ng'ambo ya bahari milima ya Toros ya Uturuki, mara nyingine ikiwa na theluji. Lakini ukungu nao hupenda kukaa juu ya vilele vile, na ukiukuta utakuwa umepanda kwenda kutazama pamba. Kabla ya kuondoka, tazama mlima wenyewe ukiwa chini. Kama vilele havionekani, nenda Girne kwanza, urudi mchana.

Saa za kufungua hubadilika kwa majira, na kipindi cha baridi hufungwa mapema. Usipange kuingia saa ya mwisho. Ziara ya kutulia inataka saa mbili na nusu hivi, na barabara ya kufikia ngome inapita kwenye eneo la jeshi, si mahali pa kuzurura giza likiingia.

Hatua ya 3: Panga usafiri

Hakuna basi la kukufikisha langoni. Dolmuş, yaani basi dogo la abiria kama matatu au daladala, hukimbia kutwa kati ya Lefkoşa na Girne, umbali wa kilomita 25 hivi. Kwa anayevuka Ledra kwa miguu, tembea moja kwa moja kupitia mji mkongwe mpaka Lango la Girne, usafiri utaupata karibu na hapo. Tatizo ni kwamba dolmuş inakata njia kuu. Njia panda ya kwenda ngomeni iko juu karibu na kilele cha barabara, na kutoka hapo ni kama kilomita tatu za mlima mtupu, tena katikati ya eneo la jeshi. Simshauri mtu aitembee.

Kwa hiyo teremka Girne, chukua teksi. Patana bei ya safari nzima, yaani kwenda, kusubiri na kurudi, na mlipe dereva mkisharudi. Ukimlipa nusu pale juu, unaweza kushuka ukakuta vumbi tu. Mkiwa wanne mkichangiana, gharama haiumi.

Mwenye gari la kukodi ana raha zaidi. Kupro nzima huendesha kushoto, usukani uko kulia, urithi wa Waingereza waliokitawala kisiwa kuanzia 1878 hadi 1960. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kujifunza upya. Wa Goma au Bujumbura ndiye atakayehitaji kuwa macho kwenye mizunguko. Hata soketi za ukutani ni za pini tatu bapa, chaja ya Kenya, Tanzania au Uganda inaingia bila adapta. Ila kama gari umelikodi kusini, uliza kwanza kama kampuni inaruhusu livuke, kwa kuwa nyingi hazitaki, na bima yake haifanyi kazi upande wa pili. Kivukoni utanunua bima nyingine ya kaskazini, kwa hiyo weka fedha taslimu tayari.

Kutoka barabara kuu, fuata kibao cha St. Hilarion. Utaanza kuona vibao vyekundu vyenye picha ya askari, vinavyokataza kuingia. Vina maana hiyohiyo unayoifikiria. Usisimamishe gari, usitoe simu kupiga picha, hata kama pembe ile ya kuitazama ngome inakuita kwa jina. Uwanja tambarare utakaoupita upande wa kambi ndipo mashujaa wa wafalme wa Lusignan, ukoo wa Kifaransa uliotawala Kupro, wanaposemwa walikuwa wakishindana kwa mikuki juu ya farasi. Utautazama ukipita. Na droni iache nyumbani.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Viatu vyenye nyayo za kushika, kwanza kabisa. Mawe ya njia ile ni ya chokaa, yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanang'aa, na yakipata mvua kidogo yanateleza kama sabuni. Kandambili na viatu vya kisigino viache kwenye gari. Dada anayevaa baibui au dera refu avae suruali ndani na awe tayari kulikunja kidogo, kwa sababu ngazi zingine ni ndefu kuliko hatua ya kawaida.

Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu msimu wa joto. Kofia. Koti jepesi hata Aprili, upepo wa juu hauna uhusiano na hali ya hewa ya ufukweni. Lira za Kituruki kwa ajili ya kiingilio. Yuro hupokelewa sehemu nyingi za kaskazini, lakini utabadilishiwa kwa bei wanayotaka wao. Mwanafunzi asisahau kitambulisho cha chuo. Pakua ramani kwenye simu mapema: laini ya kusini hupoteza mtandao ukivuka, na huko juu simu inaweza kudaka mtandao usioutarajia na kukukata salio kimyakimya.

Mzee mwenye magoti mabaya na mtoto anayeanza kutembea watafurahia ua wa chini, na wa kati wakisaidiwa. Zaidi ya hapo msiwalazimishe.

Hatua ya 5: Ua wa chini, anza na kuta

Maliza haja zako huku chini kabla ya kuanza. Kileleni hakuna choo.

Ngome ina sehemu tatu, kila moja juu ya mwenzake na kila moja ikiweza kujifunga peke yake. Ukishapita lango la kwanza uko kwenye ua wa chini, mkubwa kuliko zote, na ndio unaopuuzwa kuliko zote. Simama, geuka, uufuate ukuta kwa macho. Ukuta huo unapanda mteremko ukiwa na minara ya nusu duara, na ni kazi ya Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki waliotawala kutoka Konstantinopoli, wa karne ya 11. Walikuwa na sababu: kwa karne kadhaa pwani hii ilikuwa ikivamiwa kutoka baharini, na juu ya mlima huu waliweza kuona tanga lolote linalokuja. Walijenga ngome tatu kwenye safu hii moja, St. Hilarion magharibi, Buffavento katikati na Kantara mashariki, na habari zilisafiri kwa moto usiku, kilele hadi kilele.

Huku ndiko walikokaa askari wa kawaida na wanyama. Yapo mazizi, lipo birika la maji. Wakati wa hatari, wakulima wa mabondeni wangekimbilia humu na mbuzi wao. Ndiyo maana ua ni mpana hivi.

Sasa fikiria uko nje. Mwaka 1228 Frederick II, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi, alipita Kupro akielekea Nchi Takatifu, akataka usimamizi wa kisiwa na wa mfalme mtoto, Henry I, utoke mikononi mwa Ibelin, ukoo wa mabwana wakubwa wa kisiwa, uje kwake. Vita vikazuka. Watu wa Kaisari walijifungia humu ndani, na John wa Ibelin, mkuu wa ukoo ule, akawazingira mpaka walipojisalimisha mwaka 1230. Miaka miwili baadaye meza ikapinduka: wapiganaji wa Kaisari ndio waliokuwa nje wakizingira, na ndani walikuwamo dada zake mfalme, akiba ya chakula ikielekea ukingoni. Tarehe 15 Juni 1232 jeshi la Ibelin liliwapiga wazingiraji kwenye mteremko wa kusini, karibu na kijiji kinachoitwa leo Ağırdağ, na ngome ikapona. Katika mizingiro yote miwili, kuta hazikuvunjwa. Njaa ndiyo iliyokuwa silaha.

Hatua ya 6: Panda hadi ua wa kati, na uliza maji

Njia ya kwenda lango la pili inapinda. Haipandi moja kwa moja hata pale ambapo ingeweza. Kwenye kila kona mpandaji alikuwa akimgeuzia mlinzi ubavu, na ukisimama kupumua, inua kichwa uone ni nani angekuwa anakutazama. Lango lenyewe lilikuwa na daraja la kuinuliwa.

Ndani utakuta kwanza kanisa, na hapa ndipo hadithi inaporudi nyuma kuliko ngome. Mahali hapa palianza kwa mtawa. Hilarion huyu, kwa masimulizi ya kisiwa, alikimbia kutoka Nchi Takatifu, akaja kuishi mlimani peke yake hadi kufa. Asichanganywe na Hilarion wa Gaza wa karne ya 4 ambaye ni maarufu zaidi. Kwenye karne ya 10 monasteri ikajengwa kwa kumbukumbu yake, na askari wakaja baadaye kuizungushia kuta. Ndiyo sababu kanisa ni kubwa mno kwa kituo cha jeshi. Tazama kuta zake kwa karibu: safu za mawe yasiyochongwa sana, katikati yake matofali mekundu membamba, chokaa nene kati yake. Ukipeleka macho juu penye hifadhi, unaona mabaki ya rangi za picha za ukutani. Ukuta wa Wafaransa utakaouona juu hauna matofali hayo, ni mawe matupu yaliyochongwa sawa. Ukishazoea kutofautisha, utaweza kusoma umri wa kila chumba bila kusoma kibao.

Kando ya kanisa kuna ukumbi mkubwa wa kulia chakula, na baada yake kibaraza cha matao kilicho wazi upande wa kaskazini. Girne yote iko chini yako, bandari, mji, barabara ya pwani. Kaa hapa upumzike, uko nusu ya safari. Vyumba vilivyokarabatiwa vina sanamu zilizovalishwa mavazi ya zamani zikijifanya wapishi na walinzi. Watoto huzipenda. Mimi huzipita haraka.

Usiondoke ua huu kabla ya kulitafuta birika kubwa, liko mbele kidogo njia inapoendelea kupanda, limejengwa kwenye mteremko na kuta zake zimeegemezwa nguzo nene za mawe. Juu ya jabali hakuna kisima cha kuchimba. Tone lolote walilokunywa lilitoka mvuani, likakingwa kwenye mapaa na mawe, likahifadhiwa mpaka kiangazi kiishe, na kiangazi cha Kupro ni miezi mingi bila mvua ya maana. Litazame lile birika ukijua hivyo. Watu wa Lamu na Pate, ambako mabirika ya mvua ni jambo la kawaida, wataelewa mara moja kwamba hiki ndicho chumba muhimu kuliko vyote mle ndani, kuliko hata cha malkia.

Kama ni majira ya maua, angalia pia kwenye nyufa za mwamba: kuna mmea wa majani mapana ya kijani kibichi chenye weupe na maua meupe. Ni kabichi ya mwituni, Brassica hilarionis, isiyoota kwingine duniani ila kwenye majabali ya milima hii. Usiichume.

Hatua ya 7: Ua wa juu

Sehemu hii inakata pumzi. Ngazi za mawe zinafuatana bila huruma, na nyingine hazina pa kushikilia. Pumzika mara nyingi unavyotaka, hakuna anayekuhesabia.

Lango la juu ni tao la mawe la Wafaranki, yaani hao Wafaransa wa Lusignan. Ukilipita unajikuta kwenye uwanja mdogo uliobanwa na vilele viwili, kimoja kila upande, ambavyo kwa sehemu kubwa vimefanya kazi ya ukuta. Ni kwa ajili ya vilele hivyo Wagiriki walipaita Didymos, pacha, na Wafaranki wakalisikia jina hilo kwa masikio yao, likawa Dieu d'Amour, Mungu wa Mapenzi.

Ukoo wa Lusignan, Wafaransa waliokipata kisiwa mwaka 1192 baada ya Richard wa Uingereza kukiteka mwaka uliotangulia, uliifanya sehemu hii makazi ya kiangazi. Nicosia kukiwa tanuri, mfalme na watu wake wanapanda huku kupunga upepo. Kuna jiko, kuna birika lingine, na upande wa magharibi kuna jengo la vyumba vya kifalme, ghorofa yake ya juu imebaki ukuta tu.

Kwenye ukuta huo ndiko kuliko dirisha linaloitwa la Malkia. Ni la mtindo wa Kigothi, la karne ya 14, lina matao membamba na juu yake mabaki ya nakshi zilizotobolewa kwenye jiwe. Ndani ya unene wa ukuta, pande zote mbili, kumechongwa viti vya mawe vinavyotazamana, kama baraza za daka la nyumba ya Lamu. Keti. Mbele yako ni magharibi, mlima unateremka kwa ghafla, na kijiji cha Karmi, au Karaman, kimetawanyika chini kwa nyumba nyeupe. Foleni ya picha huwa hapa, kwa hiyo ukiwa na subira wapishe wenye haraka, halafu kiti kitakuwa chako kwa muda unaoutaka.

Utaambiwa na waongoza watalii kwamba ngome hii ndiyo iliyowapa watengeneza katuni wa Marekani sura ya kasri la malkia mwovu wa Snow White. Ni hadithi tamu kwa watoto, lakini haina ushahidi, na mahali penyewe hapaihitaji.

Kutoka dirishani unaweza kuendelea kidogo hadi kileleni. Kibao cha mita 732 kipo kwa wapenda ushahidi.

Hatua ya 8: Mnara wa Prince John, na uamuzi wa kwenda au kutokwenda

Katika kushuka, angalia njia inayochepuka kwenda mnara uliosimama peke yake ukingoni mwa genge. Hauna kundi la watu kama dirishani, na kwangu mimi ndio mahali penye uzito kuliko pote.

Mfalme Peter I aliuawa na mashujaa wake mwenyewe mwaka 1369, na nduguye, Prince John, alishukiwa kuwa na mkono ndani yake. Mjane wa mfalme, Eleanor wa Aragon, hakusahau. Mwaka 1373 Wagenova, watu wa jiji la Genova huko Italia, walipokivamia kisiwa, John aliishika St. Hilarion akiwa na kikosi cha askari wa kukodiwa wa Kibulgaria, watu hodari na waaminifu kwake. Masimulizi ya zamani yanasema Eleanor alimpenyezea habari kwamba Wabulgaria hao walikuwa wakipanga kumgeuka. John akawaita mnarani mmoja mmoja, na kila aliyepanda alisukumwa gengeni. Mmoja tu alinusurika akasimulia. John alipokuwa ameshajinyang'anya walinzi wake kwa mikono yake, malkia akamwalika Nicosia kwa mapatano, na huko akauawa.

Ukisimama pale utaelewa kwa nini walichagua mnara ule. Hakuna reli ya maana, na chini ni kutupu. Kama upepo ni mkali, kama mawe yameloa, kama una kizunguzungu cha urefu au umeongozana na watoto, utazame kwa mbali uendelee zako. Anayeamua kwenda asirudi nyuma kinyumenyume akijipiga picha. Nasema hivyo kwa kuwa nimewaona wanaofanya.

Hatua ya 9: Shuka Girne, ukamalizie habari

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo nenda kwa upande kwenye ngazi ndefu na uweke simu mfukoni. Kisha, kama una nusu siku iliyobaki, nenda kwenye ngome ya bandari ya Girne, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini St. Hilarion ni gofu.

Wavenisi, watu wa jiji la Venisi huko Italia, walikitwaa kisiwa mwaka 1489. Wakati huo mizinga ilikuwa imeshabadilisha vita, na kilele cha mlima kilichokuwa kinga kikawa mzigo: kinataka walinzi, kinataka akiba, na hakizuii meli kutua. Wakaibomoa makusudi kwenye karne ya 16, ili wasilipie kikosi cha kukaa huko na adui asiitumie. Pesa zao wakaziweka pwani. Ukiitazama ngome ya Girne, minara yake ya Wavenisi ni minene na mifupi, iliyoundwa kupigwa na mizinga na kujibu. Msomaji wa Mombasa anaijua fikra hiyo, kwa kuwa Fort Jesus iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 ni ya uzao huohuo: kuta nene, pembe za kurushia mizinga, na macho kwenye mlango wa bandari.

Ndani ya ngome ya Girne kuna pia jumba lenye mabaki ya meli ya biashara ya karne ya 4 kabla ya Kristo, iliyogunduliwa na mzamiaji mwaka 1965 nje kidogo ya pwani, ikiwa na mitungi karibu 400 na maelfu ya lozi. Ubao wake upo, unauona kwa macho yako. Kiingilio cha ngome ya Girne ni tofauti na cha St. Hilarion.

Chakula: bandarini bei ni ya mandhari. Ingia mitaa miwili nyuma. Agiza şeftali kebab, nyama ya kusaga iliyoviringishwa kwenye utando wa mafuta ya tumbo ikachomwa juu ya makaa, pamoja na hellim ya kukaanga, jibini ya kisiwa isiyoyeyuka motoni. Kwa msomaji Mwislamu, tahadhari moja. Kaskazini kebab hii hutengenezwa kwa kondoo au ng'ombe, lakini ukivuka kusini sheftalia ya huko, ya sura hiyohiyo, kwa kawaida ni ya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza.

Anayerudi Lefkoşa kwa dolmuş asingoje usiku uingie, hasa Jumapili, kwani magari hupungua mapema. Na anayevuka kurudi kusini na gari ajue kwamba Metehan jioni za wikendi huwa na foleni ndefu. Aliye kwa miguu anapita Ledra kwa dakika chache.

Ukipata siku nyingine na gari, panda Buffavento. Iko juu zaidi, kama mita 950, imebomoka zaidi, na njia ya miguu kutoka unapoegesha ni ndefu na haina kivuli. Beba maji mara mbili ya uliyobeba St. Hilarion.